Barthel au mita 10: kumpima aliyepata kiharusi

Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965, huuliza mambo 10: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kupanda ngazi na mengineyo. Jumla alama 100. Hakihitaji kifaa, hata ndugu anayemuuguza anaweza kujibu. Kasoro yake: mgonjwa hufikisha 100 na bado kuvuka barabara ni mtihani.

Hapo kipimo cha mwendo wa mita 10, yaani kupima kwa saa kasi ya mgonjwa akitembea umbali huo, kinaishinda Barthel. Anayetembea chini ya mita 0.4 kwa sekunde kwa kawaida huishia ndani ya nyumba, akizidi 0.8, mtaani anajimudu. Mkongojo ruksa, ila uandikwe. Lakini asiyeweza kusimama utampimaje mwendo? Siku za mwanzo ningetumia Barthel. Akishaanza kutembea, saa.