Niliomba ncha tu, wakanikata hadi mabegani: uzoefu wangu na saluni mbili za Dar

Nywele zangu ni za asili, zile za kipilipili, na sijazitia dawa tangu nilipomaliza kidato cha sita. Mliosoma shule za serikali mnajua: miaka yote ya shule kichwa ni cha kunyoa, kwa hiyo nywele ndefu kwetu huanza ukubwani, na kila sentimita mtu anajua alivyoihangaikia. Mpaka mwanzoni mwa mwaka huu zangu zikinyooshwa kwa uzi zilikuwa zinafika usawa wa mkanda wa sidiria. Naandika haya kwa ajili ya mwenye nywele kama hizo anayetaka kwenda kupunguza ncha na hajui kichwa chake amkabidhi nani.

Saluni ya kwanza iko Sinza, na jina lake sitalitaja. Ni kubwa, ni safi, ina maji ya moto na wasusi wengi. Kwa kusuka sina neno nao. Wamenisuka twende kilioni na rasta ndogondogo, zikadumu na hazikunivuta. Safari hii nilitaka kuoshwa, kufanyiwa stimingi na kupunguziwa ncha zilizopasuka. Nilimwambia aliyenipokea, "Dada, naomba ncha tu, hizi zilizopasuka." Akajibu, "Usijali mpenzi, nakuweka sawa."

Aliosha vizuri, akapiga draya ya kitana mpaka zikanyooka kabisa, kisha akageuza kiti nikawa natazama mlangoni, kioo kikabaki mgongoni. Mkasi ulipoanza nilisikia mkato mrefu, mzito. Nikageuka, na tayari upande wote wa kushoto wa kisogoni ulikuwa sakafuni. Nikamwambia asimame. Maelezo yake yalikuwa kwamba nywele zilikuwa hazilingani, za kisogoni fupi na za utosini ndefu, kwa hiyo alifuata zilizo fupi ili chini pawe na mstari mmoja. Upande mmoja ulikuwa umeshakwenda. Hakukuwa na la kufanya ila kumalizia wa pili ufanane nao. Nililia pale pale kwenye kiti.

Zilizokatwa niliomba mfuko nikazichukua, kwa sababu nimelelewa kutoacha nywele zangu popote. Nyumbani nikazipima kwa tepu ya cherehani. Unywele mrefu kuliko yote ulikuwa na sentimita 17.

Niwaambie sentimita 17 ni nini. Watafiti waliopima ukuaji wa nywele za Waafrika walipata wastani wa takriban robo milimita kwa siku, yaani kama sentimita 9 kwa mwaka, na kasi hiyo ni ndogo kuliko ya nywele za Wazungu. Kwangu ni karibu miaka miwili iliyoangushwa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Na hapo ni kama hakuna hata unywele mmoja utakaokatika njiani, jambo ambalo kwa nywele zetu halipo. Kwa hiyo wasusi waliponizunguka wakinibembeleza, "Zitaota tu dada, nywele ni nywele," sikufarijika hata kidogo. Mmoja akaongeza kwamba zikikatwa ndiyo zinakua haraka. Hilo si kweli na ningependa saluni ziache kulisema. Nywele huota kwenye shina, chini ya ngozi ya kichwa. Sehemu iliyo nje haina uhai, na shina halina habari na kinachofanywa na mkasi kule nchani.

Maumivu ya pili yalikuja nilipoziosha mwenyewe nyumbani. Nywele za kipilipili zikilowa na kukauka bila kunyooshwa hujikunja, na zinaweza kubaki chini ya nusu ya urefu wake. Saluni nilitoka zikiwa zimegusa mabega. Baada ya maji zikakomea masikioni. Hapa ndipo mimi na msusi yule tulipopishana. Yeye alikuwa anatazama nywele zilizotoka kwenye draya, ameona zimelala mgongoni, akahisi kuna za kutosha kupunguza. Mimi naishi nazo zikiwa zimejikunja, siku zote isipokuwa hizo chache za kutoka saluni.

Simchukulii kuwa mtu mbaya. Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha ususi, lakini wasusi wengi nilioongea nao wamejifunza kwa kusimama kando ya msusi mwenzao, na kwa miaka mingi vichwa walivyovishika vilikuwa vya dawa. Nywele za dawa hulala. Mstari wa chini unaonekana waziwazi, na ukiulinganisha zinapendeza. Za asili ukiziachia zinasimama na kujikunja kila moja kivyake. Mstari ule hauonekani na mtu yeyote, na za kisogoni karibu kila mara huwa fupi kwa sababu zinasuguliwa na mto na kola. Ukifuata zilizo fupi utanyang'anya kichwa kizima kwa ajili ya mstari ambao kesho hautakuwepo.

Mama mwenye saluni alikuja, akaniambia pole, akanitoza nusu ya bei na kuniahidi stimingi ya bure nikirudi. Nashukuru kwamba hakunijibu vibaya. Lakini aliondoka bila kumwuliza msusi wake hata swali moja mbele yangu, na niliporudi kwa ajili ya shoga yangu aliyekuwa anasuka, nilimkuta dada yule yule amemgeuza mteja mwingine, kioo kikiwa mgongoni. Tena mkasi aliokuwa nao ndio uleule wanaokatia uzi na rasta. Mkasi butu unauponda unywele badala ya kuukata, na pale ulipopondwa ndipo mpasuko mpya unapoanzia. Kwa kusuka nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa mkasi nawapa moja.

Baada ya hapo wengi walinishauri nisuke rasta nifiche. Nilikataa, na nakushauri ukatae pia kama yamekukuta, angalau mwanzoni. Nywele zikishakuwa fupi, msusi huzibana zaidi ili rasta zishike, na mvuto huo ndio unaonyonyoa za pembeni. Zile zikinyonyoka mara kwa mara mwisho hazioti kabisa. Nilikaa na mabutu ya uzi, kichwa kikapumua.

Saluni ya pili niliipata kupitia mfanyakazi mwenzangu ambaye nywele zake nimezitamani siku nyingi. Iko Kinondoni, chumba cha uani kwa mama mmoja mtu mzima, viti viwili na feni moja. Hana bango, na ameniomba nisimtaje mtandaoni kwa sababu wateja alionao wanamtosha.

Nilimwamkia, akaniitikia, akashika nywele zangu kavu kabla ya kunigusa na maji, na swali lake la kwanza likawa, "Mwanangu, huwa unazinyoosha au unaziachia?" Nikasema naziachia. "Basi hatuna haja ya mstari." Tangu niwe na nywele sijawahi kuulizwa swali hilo saluni, na nikiwa na uwezo ningelibandika ukutani kila saluni ya mji huu.

Alizigawa mafungu, kila fungu akalipota kama kamba mpaka mwisho. Ukipota hivyo, pale nywele zilipo nzima kamba hubaki nene, na pale zilipochakaa unaona kamba imekonda ghafla, imejaa vifundo vidogo. Alishika pale kwa vidole viwili akanionyesha kwenye kioo: "Naondoa hapa. Unaridhika?" Hakukata mpaka nijibu. Fungu la pili hivyohivyo, la tatu hivyohivyo, kichwa kizima. Mabegani alinitandikia taulo jeupe, kwa hiyo kila kilichoanguka nilikiona: vipande visivyozidi sentimita moja, vingi vikiwa pungufu. Mkasi wake anaufunga kwenye kitambaa, na mjukuu aliyeuchukua akate uzi alirudishwa nao haraka sana.

Nilimwuliza kama kuna haja ya kukata kabisa, kwa jinsi nilivyokuwa nimeogopa. Akanieleza kwamba ncha ikishapasuka haiungani. Mafuta huilainisha tu, na ukiiacha mpasuko unapanda juu, siku ya kukata unapoteza zaidi. Ndiyo maana simwambii mtu aache kupunguza ncha. Ninachosema ni kwamba kabla mkasi haujafunguka, msusi akuonyeshe kwa vidole, juu ya nywele zako mwenyewe, ukiwa unatazama kioo, anakata wapi. Kusema "kidogo" hakutoshi. Kidogo chake na chako havijawahi kukutana. Akigeuza kiti, mwombe akirudishe. Akinuna, lipia kuosha uondoke na nywele zako. Najua tunavyoona haya kusimama katikati ya saluni iliyojaa watu, lakini haya hiyo inaisha siku hiyohiyo.

Kasoro za mama huyu zipo. Maji ni ya ndoo, mara nyingine ya baridi. Chumba kina joto. Hapokei miadi kwa simu, anayewahi ndiye anayehudumiwa, na kichwa kimoja kinaweza kumchukua nusu siku. Bei yake ya ncha peke yake ni shilingi elfu ishirini, mara mbili ya ile ya Sinza, na kuosha unalipia mbali. Nampa nyota tano hata hivyo, na nitarudi kwake. Kama na wewe umepata fundi wa namna hii mtaani kwako, nenda katikati ya wiki asubuhi ukiwa umeshakula. Jumamosi foleni yao huwa ndefu mpaka magharibi.