Herufi B kwenye bawa langu

Nimerusha paraglaida hii, bawa la kitambaa linaloruka bila injini, msimu mzima, kama saa 40 hewani, na kabla sijaisifu nikiri kwanza: niliinunua, tena ya mtumba, kwa kusoma herufi moja. Kibandiko cha ndani kinasema EN B, yaani daraja lake la usalama, na muuzaji akaniambia "B ni B tu, kaka." Sivyo.

Siku bawa liliponikunjikia upande wa kulia, ndipo nilipotulia na kusoma ripoti ya majaribio. Kiwango cha Ulaya, EN 926-2, kinaanzia A, bawa linalosamehe karibu kila kosa, hadi D, linalotaka rubani aliyeshiba mazoezi. Rubani wa majaribio hulikunja kwa makusudi, upande mmoja au mbele yote, kisha hungoja: limegeuka nyuzi ngapi? Limefunguka lenyewe? Kila zoezi lina herufi yake, na ile mbaya kuliko zote ndiyo inayokwenda kwenye kibandiko. Langu lina B nyingi, hasa likikunjika huku kanyagio la kasi limekanyagwa hadi mwisho. La mwenzangu ninayeruka naye lina A tupu isipokuwa B moja. Vibandiko vyetu havitofautiani hata nukta.

Tena majaribio yale hufanyika hewa ikiwa tulivu. Hewa ya mchana yenye joto haikunji bawa kwa adabu vile.

Kilichoniumbua zaidi ni uzito. Langu limepimwa kwa kilo 85 hadi 105, yaani mwili, hanesi (kiti chenye mikanda), bawa lenyewe, parashuti ya akiba, viatu, kila kitu. Nilipanda mizani nimebeba vyote: 87. Niko mkiani kabisa! Sasa nabeba lita 6 za maji chini ya kiti. Siku ya kwanza tu breki, zile kamba za kuvuta kwa mkono, zilikuwa zimekaza mkononi, na bawa likawa linageuka nikiegemeza nyonga, wakati zamani nilikuwa navuta weee.

Tena herufi hiyo ilitolewa bawa likiwa jipya. Fundi alipopima kamba za langu, za nyuma zilikuwa zimesinyaa karibu sentimita mbili. Kumbe ndiyo maana lilikuwa linasuasua kuinuka wakati wa kuruka. Amezirekebisha, na sasa upepo ukiwa na nguvu kidogo linainuka kwa pupa; usipogusa breki mapema linakupita kichwani.

Kwa safari ndefu nalipenda sana. Linateleza mbali, na kwenye kutua halitaki kabisa kushuka, kwa hiyo tafuta uwanja mpana. Kijitabu chake kinasema wazi ni la rubani anayeruka mara kwa mara, si la mwanafunzi. Ukurasa huo muuzaji hakunionyesha. Mdogo wangu ndiyo kwanza ameanza mafunzo na ameshaliomba mara mbili. Nimemnyima.