ThinkPad T470 ya Mtumba na Debian 13: Tathmini Baada ya Miezi Sita

Kompyuta ninayoandikia tathmini hii niliikuta katika rundo la vifaa vya kuondolewa katika ofisi ambayo sitaitaja, ikiwa na karatasi iliyobandikwa juu yake yenye neno moja tu: "Imepitwa." Ilikuwa inawaka. Kibodi yake ilikuwa nzima, kioo hakikuwa na ufa, na bawaba zake zilishika kama za mashine mpya. Kilichokuwa kimepita ni tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, huku wasiotaka kuhama wakipewa njia ya kuongeza muda hadi Oktoba 2026, na Windows 11 haivikubali rasmi vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha 8, isipokuwa vichache. ThinkPad T470 ilitoka mwaka 2017 na yangu ina kichakataji cha kizazi cha 7. Niliinunua, nikaifuta, nikaiwekea Debian 13, mfumo endeshi huria wa aina ya Linux, na tangu wakati huo ndiyo kompyuta yangu ya kazi: kuandika, lahajedwali, programu ndogo ndogo ninazoziunda, na vikao vya video ambavyo nimeacha kuvihesabu.

Nianze na bisibisi, kwa sababu ndiyo iliyoamua jambo hili. Mfuniko wa chini wa T470 unashikwa na skrubu chache pamoja na vibanio vya plastiki vinavyodai subira. Kabla ya kuufungua ni lazima kuingia kwenye BIOS, yaani programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, na kuizima betri ya ndani, hatua ambayo wengi huisahau kwa kuwa wameshachomoa betri ya nyuma na kudhani kwamba umeme umekwisha. Ndani kuna nafasi mbili za RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, aina ya DDR4, diski inayotoka, feni inayofikika kwa brashi na kadi ya Wi-Fi inayoweza kubadilishwa. Yangu ilikuja na kijiti kimoja cha RAM cha gigabaiti 8. Nikaongeza kingine cha ukubwa uo huo kilichokuwa kimelala kwenye droo tangu kompyuta yangu ya zamani ilipokufa, ikawa na 16. Kazi yote, pamoja na kuliondoa vumbi lililokuwa limejisokota kwenye feni kama pamba, ilichukua chini ya nusu saa.

Miaka michache iliyopita kijiti hicho cha kwenye droo kisingestahili hata kutajwa. Sasa kinastahili. Viwanda vya kumbukumbu vimeelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye seva za akili mnemba, bei za RAM zimepanda, na Desemba 2025 Micron, mmoja wa watengenezaji hao wa kumbukumbu, ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, jina ambalo watu wanaojiundia kompyuta wenyewe wamelitegemea kwa miaka mingi. Katika hali hiyo, anayenunua kompyuta mpakato ambayo RAM yake imechomelewa kwenye ubao mama analazimika kukisia siku ya kwanza kwamba atahitaji kumbukumbu kiasi gani baada ya miaka sita, kisha alipie makisio hayo kwa bei ya leo. Hata ukoo huu wa ThinkPad ulipita njia hiyo: T490 ya mwaka 2019 ilichomelewa sehemu ya RAM, ikabakiziwa nafasi moja tu ya kuongezea, na betri ya nyuma ikaondolewa kabisa. Baadaye Lenovo, mtengenezaji wa ThinkPad, ikageuka, na T14 ya kizazi cha 5 ya mwaka 2024 ilirudi na nafasi zake mbili, ikapewa na tovuti ya ukarabati ya iFixit alama 9 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezwa. Mimi huitazama T470 kama barua iliyoandikwa kabla ya ugomvi huo wote kuanza.

Betri ni mbili. Moja imo ndani, ya wati-saa 24. Ya pili hubanwa kwa nyuma, nayo iliuzwa kwa ukubwa wa wati-saa 24, 48 au 72. Ya nyuma hutumika kwanza, na ikikaribia kuisha unaichomoa na kuweka nyingine huku kazi ikiendelea, kwa kuwa ya ndani hushika zamu. Sijaona kwenye kompyuta mpya jambo linalonipa utulivu wa namna hii ninapokuwa safarini. Hata hivyo, hapa ndipo pia nilipoumia. Betri ya nyuma niliyoinunua kwanza, kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, iliandikwa 72 kwa tarakimu kubwa, na baada ya wiki mbili ikaanza kuzimika ghafla huku ikionyesha kwamba imebakiwa na asilimia 38. Nilipoandika amri ya upower -d, inayoonyesha hali ya betri, nikaona mistari miwili ambayo kila mnunuzi wa mtumba anapaswa kuijua: energy-full-design, yaani ujazo ambao betri ilitengenezwa kuubeba, na energy-full, yaani ujazo inaoweza kuubeba sasa. Mstari wa pili ulisoma wati-saa 41. Tulijibizana na muuzaji kwa wiki nzima kabla hajanitumia nyingine, na siku hizi huitazama mistari hiyo kabla sijatupa boksi. Upande wa programu, GNOME 48, yaani programu ya madirisha na menyu inayokuja na Debian 13, imeongeza chaguo la kuzuia betri isijazwe kupita kiasi cha asilimia 80 hivi inapokuwa kwenye chaja muda mrefu. Zamani nililazimika kuyaandika mambo hayo kwa mkono kwenye faili la mipangilio.

Kuhusu kibodi sitasema mengi, kwa kuwa wapenzi wa ThinkPad wameshasema ya kutosha na wengine wamepitiliza. Vitufe vinazama vizuri na havichoshi vidole. Kile kinundu chekundu katikati ya kibodi, kilichokuwapo tangu ThinkPad 700C ya IBM mwaka 1992, kilinichukua siku nne kukizoea, na sasa mkono wangu hukitafuta hata kwenye kompyuta ambazo hazina.

Udhaifu ni mmoja mkubwa, nao ni viini viwili, yaani sehemu za kichakataji zinazofanya hesabu. Kichakataji cha Core i5-7300U kilichomo ndani ya mashine yangu kina viini viwili tu, na huo ndio uliokuwa utaratibu wa Intel kwa kompyuta nyembamba kwa miaka mingi. Agosti 2017, miezi michache tu baada ya T470 kutoka, Intel ilizindua kizazi cha 8 chenye viini vinne kwa kiwango kile kile cha wati 15, mwaka ule ule ambao AMD ilirudi uwanjani na Ryzen. Kwa hiyo mpaka uliowekwa na Windows 11, ambao watu wengi huuita ujanja wa kuuza mashine mpya, umeangukia, kwa makusudi au kwa bahati, mahali ambapo kwa mashine za aina hii tofauti ya kweli ipo. Ninakiri hilo bila kulipenda. Lakini mpaka huo una tundu lake: Core i7-7820HQ, cha kizazi kile kile cha 7, chenye viini vinne, kiliruhusiwa kwenye baadhi ya mashine, na mojawapo ya mashine hizo ni Surface Studio 2 ya Microsoft yenyewe.

Katika kuandika, kusoma nyaraka ndefu na kushughulikia lahajedwali la mistari elfu kadhaa, viini viwili havinipi taabu yoyote, na mtu asiyeambiwa umri wa mashine hataweza kuukisia. Ugumu huja kwenye kikao cha video. Nikishiriki skrini huku sura kumi na mbili zikiwa zimepangwa mbele yangu, feni hupanda, kiashiria cha mzigo wa kichakataji hugonga dari, na kufungua faili lolote pembeni huwa kama kumwomba mtu aliyebeba gunia akufungulie mlango. Kamera nayo ni ya 720p, inayotosha kuthibitisha kwamba nipo. Video za mtandaoni zina fundo lake: kichakataji hiki kina saketi maalumu ya kufumbua VP9, mojawapo ya njia za kubana video, lakini hakina ya AV1, njia mpya zaidi, ambayo kwa upande wa Intel ilikuja na kizazi cha 11. Tovuti ikikuletea AV1, viini viwili hulazimika kuifumbua kwa nguvu zao wenyewe, na betri hulipa gharama. Nilizima AV1 kwenye mipangilio ya kivinjari na tatizo likaisha.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya uzito niliousingizia umri wa kompyuta ulitoka kwenye programu za kazini. Ofisi yetu hutumia programu tatu za mawasiliano na usimamizi wa kazi, na zote tatu zimejengwa juu ya Electron, ambayo maana yake ni kwamba kila moja huja na kivinjari chake kizima kilichofichwa ndani. Ukiongeza kivinjari cha kawaida, unakuwa na vivinjari vinne vinavyogombea viini viwili ili mtu mmoja apate kuambiwa kwamba ripoti imechelewa. Niliziondoa zote tatu na kuzifungua kama vichupo ndani ya Firefox. Karibu gigabaiti mbili za RAM zilirudi papo hapo. Sikupoteza chochote isipokuwa mlio mmoja wa taarifa, ambao sijauulizia ulikokwenda.

Mwenzangu anayekaa meza ya pili alipewa kompyuta mpya yenye kichakataji maalumu cha akili mnemba, kinachotimiza kile kiwango cha operesheni trilioni 40 kwa sekunde ambacho Microsoft ilikiweka mwaka 2024 kwa mashine za Copilot+. Ni mashine nzuri, nyepesi na tulivu, na sina kijicho nayo isipokuwa kwenye kioo, kwa kuwa changu hufifia mno nikikaa karibu na dirisha. Lakini tulipofungua pamoja kidirisha kinachoonyesha matumizi ya kichakataji hicho maalumu katika siku ya kawaida ya kazi, mstari ulilala chini kabisa tangu asubuhi hadi jioni, isipokuwa alipoifanya kamera itie ukungu vitu vilivyo nyuma yake wakati wa kikao. Programu tunazotumia, ikiwemo ile ya akili mnemba ambayo ofisi imeilipia, hufanya hesabu zake kwenye seva za mbali. Huenda mambo yakabadilika. Kwa leo, sioni ni kazi gani anayoifanya yeye ambayo mimi nimeshindwa kuifanya.

Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025, na kwa utaratibu wake itapata masasisho ya usalama kwa miaka mitano, ikihesabiwa na ile miwili ya muda mrefu. Kuiweka kulikuwa rahisi kuliko nilivyokumbuka, kwa sababu tangu toleo la 12 kisakinishi chake hubeba pia firmware zisizo huria, yaani programu ndogo zinazohitajika na vifaa kama kadi ya Wi-Fi, hivyo Wi-Fi iliwaka bila kutafuta faili lolote kwenye kompyuta ya pili. Wanaopenda kila toleo jipya siku linapotoka watauona mfumo huu kama mzee anayetembea na mkongojo. Mimi ninautaka hivyo hivyo: kwa miezi sita hakuna kitufe kilichohama mahali pake, na hakuna asubuhi niliyofungua kompyuta nikakuta imejibadilisha usiku. Kikwazo cha kweli ni nyaraka za ofisi. LibreOffice, programu huria ya nyaraka na lahajedwali, hufungua karibu kila kitu, lakini waraka wenye majedwali yaliyopangwa kwa ustadi mwingi hurudi kwa mwenyewe ukiwa na mistari iliyosogea, na nimejifunza kuutuma kama PDF kila inapowezekana.

Nisingemshauri mtu anayehariri video, anayecheza michezo mizito, au anayeishi ndani ya vikao vya video kutwa nzima, kuchukua T470. Na hata kwa wengine, nikiulizwa leo, ningesema tafuta T480 ya mwaka 2018: ina umbo karibu lile lile, betri mbili zile zile, nafasi mbili za RAM, na viini vinne. Hakikisha tu kwamba kichakataji ni i5 au i7 na namba yake inaanza na 8, mathalani i5-8250U au i5-8350U, kwa kuwa jina la mashine peke yake halitoshi. Mimi nimebaki na T470 kwa sababu ninayo tayari na inatosheleza.

Kabla ya kutoa pesa, iwashe mashine mbele ya muuzaji, bonyeza F1 nembo inapotokea, na uingie kwenye BIOS. Kompyuta nyingi za aina hii zimetoka maofisini, na baadhi bado zina nenosiri la msimamizi ambalo idara ya teknolojia ilisahau kulifuta. Nenosiri hilo haliondoki kwa kuchomoa betri. Suluhisho rasmi la mtengenezaji ni kubadilisha ubao mama mzima. Ikiwa BIOS inakuomba nenosiri na muuzaji anakuambia kwamba fundi wake atalitoa kesho, mwachie kompyuta yake hadi hiyo kesho.