Sensa ya M12 ya bei poa kwenye mashine za mkonge Tanga: nyota 3 kati ya 5

Kwenye mashine ya kufunga marobota ya mkonge, sensa hii inayogundua chuma bila kukigusa (uzi wa M12, yaani kipenyo cha 12 mm; PNP, yaani waya wake wa kutoa ishara unatoa volti chanya; nyaya tatu, volti 10–30 DC, umbali wa kugundua 4 mm) inasoma vizuri, ila hiyo 4 mm usiitegemee. Ni kipimo cha chuma cha kawaida. Kwa alumini inashuka hadi karibu 1.6. Kwa chuma iweke 3 mm, kisha kaza nati zote mbili. Nati ikilegea kwa mtikisiko, mashine inasimama na sensa inalaumiwa bure.

Kabla hujanunua nyingine, pima kati ya waya wa kahawia na wa buluu: upate volti 24. Sogeza bisibisi mbele ya uso wake. Taa ikiwaka na mweusi ukatoa karibu 24, sensa ni nzima. Tafuta waya uliokatika kuelekea PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine), hasa pale kebo inapojikunja. Taa ikiwaka na mweusi hautoi kitu, kagua plagi kwanza.

Plagi ndiyo ugonjwa wake. Oringi (pete ya mpira ya kuzuia unyevu) ni nyembamba, na hewa ya chumvi ya Tanga haina mchezo: pini zinageuka kijani. Afadhali ile yenye kebo isiyo na plagi, hata kama kuibadilisha ni kazi.