Mbao ngumu kwa ngazi zilizopinda: ipi inunuliwe, ipi iachwe

Nyumba nyingi za ghorofa zinazojengwa Kampala, hasa kwenye miteremko kama ya Muyenga na Naguru, zina ngazi za zege iliyomwagwa papo hapo. Ngazi hizo zikipinda, karibu kila kidato hutoka na umbo lake. Mwenye nyumba anayekwenda Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala, na kipimo cha kidato kimoja, akidhani kinatosha kwa vyote, atarudi na mbao zinazopelea upande wa ukutani na kubaki bure upande wa ndani. Kwa sababu hiyo, mpangilio ninaoutoa hapa haufuati uzuri wa rangi wala bei peke yake, bali unafuata swali moja: ubao huu utatuliaje ukishakatwa umbo la kabari na kukanyagwa kila siku?

Mbao hairefuki wala kufupika kwa kiasi cha kusumbua kwa kufuata nyuzi zake, ila huvimba na kusinyaa kwa upana kadiri inavyonyonya au kupoteza unyevu. Kidato cha kona kinaweza kufika sentimita 60 upande wa ukutani na kisizidi 10 upande wa ndani, hivyo upande mpana husinyaa zaidi, na gundi ikiachia, mwanya huonekana huko kwanza. Tena, ubao mpana unaopatikana kwa urahisi ni wa inchi 12, yaani takribani sentimita 30, kwa hiyo kidato kama hicho hakina budi kuunganishwa. Vipande vya inchi 3 au 4 vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu hutulia kuliko vipande viwili vipana, ingawa fundi mwenye haraka atapendelea viwili. Ukavu nao una uzito kuliko aina ya mti. Mbao ya ndani ya nyumba katika hali ya hewa ya Kampala hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 12 hadi 14, ilhali ile iliyopasuliwa juzi inaweza kuwa na zaidi ya mara mbili ya hapo. Mtafute seremala mwenye kipima unyevu, na mbao zikishafika nyumbani zipangwe ndani kwa wiki kadhaa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, kabla ya msumeno kuzigusa.

Nafasi ya kwanza naupa mvule. Ni mgumu, husinyaa kidogo, na kiini chake hustahimili mchwa na kuoza, mambo ambayo mwenye ngazi anayahitaji yote kwa pamoja. Ukague kwa makini, kwa kuwa ndani ya mvule mara nyingine hujificha punje za chokaa ngumu kama jiwe zinazoharibu meno ya msumeno na makali ya randa, na ukingo mweupe wa nje, ambao si kiini, hushambuliwa na wadudu, hivyo usikubali kuuziwa ubao ulioachwa na weupe huo ili upana utimie. Vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua mapafu, na ni haki ya fundi wako kupewa barakoa nzuri.

Mahogani ni ya pili, lakini jina hilo sokoni hubeba miti zaidi ya mmoja. Mkangazi, wa jenasi Khaya, ni laini zaidi na kisigino cha kiatu huuachia alama, wakati muyovu, wa jenasi Entandrophragma, kwa kawaida ni mzito na mgumu zaidi, na ndio ninaoupendekeza kwa ngazi. Nyuzi za muyovu hupishana, kwa hiyo randa butu huzing'oa badala ya kuzikata, na kasoro hiyo hujitokeza vizuri sana baada ya vanishi, wakati hakuna tena la kufanya. Tangu mkutano wa mwaka 2022 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, mikangazi yote ya Afrika imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo, kwa hiyo mbao zake zinazovuka mpaka kutoka Kongo zinatakiwa ziwe na kibali. Mwombe muuzaji akuonyeshe karatasi, na asiyeweza kuzionyesha usimwachie fedha.

Ya tatu ni plaiwudi nene yenye tabaka la mbao ngumu juu na ukingo wa mbele wa mbao tupu. Kwa ngazi zinazozunguka duara kamili ningeipandisha iwe ya kwanza, kwa sababu tabaka za plaiwudi hupishana na kuzuiana, na umbo la kabari halina tena upande unaosinyaa kuliko mwingine. Udhaifu wake ni kwamba tabaka la juu jembamba haliwezi kupigwa msasa mara nyingi kabla halijaisha.

Uso wa wima wa kidato kilichopinda ni kazi ya plaiwudi hata ukichagua mvule kwa sehemu nyingine. Karatasi mbili za milimita 3 au 4 hupindishwa na kugundishwa moja juu ya nyingine, kisha hufunikwa kwa vinia, yaani tabaka jembamba la mbao. Ukingo wa mbele uliopinda usikatwe kutoka ubao mmoja, maana msumeno ukifuata upinde hukata nyuzi zikabaki fupi mahali fulani, na hapo ndipo utakapovunjika. Fundi apasue vipande vyembamba vya milimita 3 au 4, avipake gundi, avibane kwenye umbo la upinde, na avisubiri vikauke kabisa.

Msaji uko nafasi ya nne. Hutulia vizuri sana, lakini mafuta yake huzuia gundi kushika usipofutwa kwanza kwa tina, kiyeyushi cha rangi, na miti michanga ya mashambani huwa na weupe mwingi. Mkaratusi ni wa bei nafuu, lakini hupasuka na kujipinda unapokauka, na kwa kabari siuafiki. Musizi ni laini mno kwa kukanyagwa. Vibao vya lamineti vya sakafu vinaweza kuwekwa kwenye ngazi zilizonyooka pekee, kwa kuwa havipindiki na kipande cha chuma cha ukingoni huwa kimenyooka.

Kabla ya kununua chochote, kata kigezo cha kadibodi kwa kila kidato, uandike namba yake na upande unaogusa ukuta, kisha uende sokoni na vigezo hivyo na uvilaze juu ya mbao zenyewe, nyuzi zikienda sambamba na ukingo wa mbele. Ongeza takribani theluthi moja ya mbao kwa ajili ya kona zinazopotea, na ununue zote kwa safari moja na kutoka rundo moja. Mvule mpya huwa wa njano na hugeuka kahawia ukipigwa na mwanga, kwa hiyo kidato kitakachobadilishwa baada ya miaka miwili hakitafanana na wenzake siku ya kwanza. Kihifadhiwe kipande cha akiba mahali penye mwanga uleule wa ngazi.