Kitabu cha Kihispania cha elfu kumi na mbili: ununue au uache?

Wadau wangu, karibuni tena. Leo hakuna simu wala spika, leo ni kitabu. Subiri, usipitishe! Tangu niseme naanza Kihispania mmenijazia meseji: kaka, nianzie wapi? Mnaopokea watalii, mnaokesha na La Liga, kumbe mko wengi hivi.

Sasa hiki hapa. Cha mfukoni, misemo ya Kihispania kwa anayeanza, maelezo yake kwa Kiingereza. Nimekitoa Posta, kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu chini, elfu kumi na mbili. Jina la waliochapisha nimelibandika plasta, sitaki kesi. Karatasi na saizi mnajionea wenyewe, kinaingia mfuko wa nyuma wa jinzi, basi. Kilichofanya niwashe kamera ni kitu kimoja kimeniudhi.

Ngoja nisogeze. Unaona hapa? Gracias, asante. Chini yake wameweka maandishi ya kukufundisha kutamka: GRAH-thee-ahs. Haya, wewe uliyesoma shule ya msingi Temeke, soma hiyo. Gra... the-e... Umeona? Twende chini: buenos días, habari za asubuhi. Wameandika BWEH-nos DEE-as. Dee! Hiyo kaandikiwa Mwingereza. Sisi a, e, i, o, u zetu na za Kihispania zinalingana karibu kabisa. Sasa tazama kidole changu, nafunika huo mstari wao, hivi, nabaki na Kihispania chenyewe. Nasoma kama nasoma gazeti: bwe-nos di-as. Imetoka! Nyingine: ¿Cuánto cuesta?, bei gani. Kwanto kwesta. Nyingine: me llamo, naitwa. Hapo ll wengi wanaitamka y, kwa hiyo me yamo. Hakuna aliyenifundisha, nimesoma tu.

Vya kushika ni vichache, na hivyo ndivyo walivyovificha ukurasa wa mwisho kabisa, maandishi madogo mpaka uvae miwani. Ñ ni ny yetu: mañana, manyana. Ukibanwa, ¿Dónde está el baño?, banyo, choo kiko wapi. H haitamkwi, hola ni ola. J ndiyo inatoka kooni, ile kh ya kheri kwa wanaoitamka vizuri, watu wa Tanga mko juu. C ikifuatwa na e au i, pamoja na z, sehemu kubwa ya Hispania ni th ya thelathini, ukivuka kwenda Mexico au Argentina ni s. Zote mbili tunazo, chagua.

Ila nisiwe mchoyo. Zile herufi kubwa zinaonyesha mkazo, na hapo kitabu kinafanya kazi. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania neno likiishia na irabu, n au s, mara nyingi ni hivyo hivyo. Likiishia na konsonanti nyingine, mkazo unarudi mwisho. Por favor, tafadhali: fa-BOR. Mswahili anasema FA-vor, nakusikia hapo! Na ukiona kialama juu ya irabu, fuata kialama: está, es-TA.

Kingine, ¿Cómo estás? wameirudia ukurasa mzima bila kukwambia hiyo ni ya rika. Mtu mzima usiyemjua mpe ¿Cómo está usted? Kwani wewe babu yako unamsalimia mambo vipi?

Najua mtaniambia Duolingo, ile app ya kujifunzia lugha kwenye simu. Ipo, unaweza kuitumia bure ukivumilia matangazo, na kwa mazoezi ya kila siku naipenda. Lakini mhudumu amesimama mezani anasubiri, wewe ndiyo unatafuta bando? Kitabu unafungua ukurasa wa chakula, yameisha. Hiki nacho kina msimbo wa kuskani ili upate sauti. Nimeuskani nikiwa kwenye mwendokasi, ukurasa haupo. Aisee.

Na ukurasa huo huo wa chakula kuna una tortilla, por favor, bila maelezo. Ukiagiza Hispania unaletewa mayai, mara nyingi na viazi ndani, yaani binamu wa chipsi mayai. Ukiagiza Mexico unaletewa duara jembamba la mahindi au ngano. Kitu kama hicho si uandike mstari mmoja?

Halafu msiniambie Kihispania kiko mbali. Yanga imefundishwa na Gamondi wa Argentina, Simba imefundishwa na Pablo Franco wa Hispania, na hapa hapa Afrika, Guinea ya Ikweta waliopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968 wanakitumia mpaka leo kama lugha rasmi.

Nilianza nikitaka kuwaambia msikiguse. Sasa nimetulia kidogo. Misemo yenyewe imepangwa vizuri: no entiendo, sielewi, na más despacio, polepole zaidi, ziko ukurasa wa kwanza, na kwa mtu anayeanza hizo mbili zinamwokoa kuliko zote. Elfu kumi na mbili hapana. Elfu saba, sawa, chukua, beba na kalamu ukafute ile mistari ya Mwingereza. Ukitajiwa kumi na tano, geuza mguu, utaitwa.

Ile video ya spika mliyoidai inakuja Jumamosi, bonyeza kengele. Nakala hii nampa mmoja wenu. Andika hapo chini oda ya chakula cha mchana kwa Kihispania, na salamu yake, unamwagiza mama mtu mzima, siyo rika lako. Nikikuta estás, nakuruka.