Taa ya LED ya sebuleni kutengenezwa Kariakoo: uzoefu wangu

Taa yangu ya dari ya wati 18 ilianza kupepesa jioni, baadaye ikazima kabisa. Duka la kwanza Kariakoo hawakuifungua hata: "Hizi hazitengenezwi bosi, chukua mpya, 20,000." Fundi mmoja upande wa Gerezani akaipokea, akavua mfuniko, akanionyesha dayodi mbili (vile vipande vidogo vinavyotoa mwanga) zenye kidoa cheusi katikati. Zote zimeungwa mfululizo, kwa hiyo ikikatika moja taa nzima inalala.

Nilidhani angeziruka kwa kipande cha waya, maana ndiyo njia ya mkato ya mafundi wengi. Akakataa. "Volti za hizo mbili zitaenda wapi, kaka? Zinamrudia draiva, naye anaweza kuchemka mpaka afe." Draiva ni ile sakiti inayozipa dayodi umeme wake. Akatafuta taa iliyokufa draiva ili achukue dayodi zake, ila akazipima kwanza kwa mita. Kwa macho zinafanana, kumbe kuna za volti 3, za 6, hata za 9.

Kuzibandika ndiko kulikonifanya nisogeze stuli. Bati lililobeba dayodi ni la alumini, linanyonya joto kiasi kwamba ncha ya kulehemia haifui dafu. Jamaa akageuza pasi ya nguo juu chini, akalilaza bati juu yake, lehemu ilipoyeyuka akatoa mbovu na kuweka nzima kwa kibano, akihakikisha chanya na hasi hazigeuki.

Halafu akafanya jambo ambalo sikuliomba. Kwenye draiva kulikuwa na rezista mbili ndogo sambamba zinazopanga mkondo wa umeme unaokwenda kwenye dayodi, akang'oa moja. Mwanga umepungua kidogo, lakini taa haichemki tena kama zamani, na kwa joto la Dar joto ndilo linaloua dayodi. Kwangu hiyo peke yake ilistahili 6,000 niliyolipa.

Malalamiko: dayodi mpya ni nyeupe zaidi, ukikodoa macho unaona doa upande mmoja. Risiti hakuna, waranti hakuna. Na anayetaka kujaribu nyumbani azime swichi kuu kwanza. Draiva nyingi za bei rahisi hazijatenganishwa na umeme wa volti 230, kwa hiyo hata upande wa dayodi unapiga shoti.

Globu ndogo za wati 9 sitampelekea. Nauli na foleni ya Msimbazi vinazidi bei ya globu yenyewe.